Blanketi la Kitanda Kikubwa

Matandiko hayapelekwi kwa fundi. Hilo nilifunzwa kabla sijafunzwa kusoma. Suruali, sawa. Sare ya shule, sawa. Lakini ukibeba shuka na blanketi kwenye mfuko hadi kwa fundi wa cherehani pale Bondeni, akazikunjua mezani mbele ya wateja, mtaa mzima utajua mnalalaje, mko wangapi, na ni mtoto yupi bado anakojoa kitandani. Mama yangu alikuwa akisema mwanamke wa aina hiyo amebakisha tu kutoa kitanda chenyewe barabarani. Na hata ukijikaza ukapeleka, fundi atakuangalia vibaya, kwa sababu blanketi nzito huvunja sindano ya cherehani. Atakuambia rudi kesho, na kesho nyingine, mpaka uchoke ulibebe lilivyo urudi nalo.

Kwa hivyo nyumbani kwetu tulishona kwa mkono. Ama wacha niseme ukweli: mama alishona, mimi nilikwepa. Mshono wangu ni wa mwalimu wa nasari, wa kurudishia mtoto kifungo kabla mzazi wake hajafika langoni. Siandiki haya kwa sababu najua kushona. Ninaandika kwa sababu ya blanketi moja.

Mama alikuja kwangu Nakuru mwezi wa saba, miaka mitatu iliyopita, kwa sababu ya jicho. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekufa zamani, pole pole, wakati sote tukidhani ni uzee. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho. Aliona mwanga, aliona mtu amesimama mlangoni, lakini hakuona ni nani mpaka aseme. Daktari alisema hilo la kulia linaweza kuokolewa, ila si la kungojangoja, maana ule weupe ulikuwa unazidi kuwa mgumu. Akapewa siku ya upasuaji, wiki tatu mbele, na kabla ya siku hiyo alitakiwa kutiwa matone asubuhi na jioni na kupimwa presha kila wiki. Jicho moja tu lilikuwa limebaki. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na sina kisingizio.

Shida ilikuwa mahali pa kulala. Sisi ni watu wa upande wa Kakamega, na kwetu mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa binti yake. Hawashikani mikono. Hakalii kiti chake. Na zaidi ya yote, hagusi matandiko ambayo mkwe wake analalia. Akiyagusa, hata kwa bahati mbaya, mikono itaanza kumtetemeka, na haitaacha mpaka kondoo achinjwe na wazee waseme maneno yao. Nikiwa mdogo tulikuwa na bibi jirani ambaye chai yake ilimwagika yote kabla kikombe hakijafika mdomoni. Watoto tuliambiwa tusiulize. Nilipoenda chuo cha ualimu nilijifunza kwamba kuna ugonjwa wa kutetemeka ambao hauna habari na mkwe wala kondoo, na nikafurahi kujua. Kumwambia mama ni jambo lingine.

Nyumba yetu iko Rhonda, kwenye ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana. Chetu ni kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia kuna viti, jiko la gesi na kitanda cha watoto wangu watatu. Nyuma ya pazia kuna kitanda kikubwa. Mama alikubali kuingia mbele ya pazia mchana, mume wangu akiwa kazini, lakini kulala alilala kwa jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja mjane anayeuza viazi sokoni. Huyo kwao ni Mai Mahiu, na miiko ya kwao ni mingine. Aliona tabu yetu kama vituko vya watu wa magharibi, akacheka, kisha akatoa godoro.

Mume wangu anafanya kazi kwenye kinu cha unga. Jioni alipofika langoni alikuwa akikohoa kwa nguvu mara mbili, mama achukue stuli yake aingie kwa jirani kabla yeye hajavuka uwanja. Kisha wangesalimiana, kila mmoja akiwa kwake, sauti ikipita ukutani. "Umeshindaje, mama?" "Tumeshinda vizuri, baba. Na kazi?" "Kazi iko." Basi. Waliheshimiana sana, hao wawili, na kuheshimiana kwenyewe kulikuwa ni kutoonana.

Siku ya pili mama alichoka kukaa bure.

"Niletee kitu nifanye," aliniambia. "Kwani mimi ni mgonjwa? Jicho ndilo gonjwa."

Nikamletea foronya iliyofumuka. Akaimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Nikaleta shuka la watoto, ambalo lilikuwa limechakaa katikati hadi unaona mkono wako upande wa pili. Alilipapasa, akatafuta katikati yake kwa kulikunja, akalipasua kutoka juu hadi chini. Prrrr! Nilipiga kelele.

"Mama! Shuka la watu!"

"Nyamaza. Watu hulala katikati ama kando?"

"Katikati."

"Sasa kwa nini katikati kufe na kando kubaki mpya?"

Alichukua zile kando mbili nzima akazileta katikati, ukingo kwa ukingo bila kupandana, akazishona kwa mishono midogo ya karibu karibu, kisha akaulaza mshono kwa ukucha wa kidole gumba mpaka ukawa hausumbui mgongo. Sehemu iliyochakaa ikaenda pembeni, kuchomekwa chini ya godoro. Lile shuka bado tunalo.

Tukajiwekea utaratibu. Asubuhi, kabla sijaenda shule, nilitia uzi kwenye sindano kumi na kuzichomeka safu moja kwenye kipande cha sponji cha godoro kuukuu. Uzi nilikuwa nimeupitisha kwenye mshumaa ili usijinyonge. Akimaliza sindano moja alipapasa inayofuata. Kidole cha kati alikivika kipande cha ngozi kilichokatwa kwenye ulimi wa kiatu, cha kusukumia sindano. Nikirudi saa nane nilimkuta kwenye veranda, mdomo umefungwa, sindano saba au nane zimelala tupu, na rundo la matandiko limepungua.

Alikuwa na sheria zake, na alizisema hata kama hakuna aliyeuliza. Kiraka kitoke kwa nguo iliyochoka sawa na ile unayoshona. Ukiweka kiraka kipya kitavuta na kurarua upya. Uzi usizidi urefu wa mkono, maana uzi mrefu ni wa mvivu. Na blanketi halikazwi. "Blanketi inapumua," alisema. "Leteni midomo yake pamoja, muishone kama mnaongea nayo. Ukiikaza hapa, itapasuka pale." Aliongea kwa wingi, na nilikuwa nimesimama peke yangu.

Sasa, blanketi letu. La kitanda kikubwa. Lilikuwa la kahawia lenye mistari myeupe, zito, na lilikuwa na mpasuko wa urefu wa mkono mzima upande wa miguuni, ulioanza na ncha ya waya ya springi iliyochomoza. Mwezi wa saba Nakuru si mchezo. Baridi hushuka ikakaa ndani ya nyumba, na kila tulipolala, mguu wa mmoja wetu uliingia kwenye ule mpasuko na kuuongeza. Asubuhi tulibishana ni mguu wa nani. Mume wangu alikuwa akisema, "Usipoziba ufa…" na mimi nilikuwa nikimjibu, "Ziba wewe, mikono si unayo?"

Hapa ndipo ningependa kusema nilisahau. Ningependa kusema nilikuwa na haraka, blanketi likachanganyika na mengine bila mimi kujua. Haraka nilikuwa nayo, hilo ni kweli, kengele ya shule haingoji mtu. Lakini sikusahau. Alhamisi moja asubuhi nilitoa blanketi kitandani mwetu, nikalikunja, nikaliweka katikati ya mawili ya watoto, nikampelekea mama kwenye veranda. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka kuamka miguu ikiwa barafu, na kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri mno, na kwa sababu niliona mambo ya mikono kutetemeka ni ya zamani.

"Hii mbona kubwa hivi?" aliuliza akilipima kwa mikono.

"Wanalala watatu, mama."

"Na nzito."

"Si unajua baridi ya huku."

Akatafuta mpasuko kwa vidole, akaupata, akaguna. "Hawa watoto wako hulala ama hupigana?" Kisha akachomoa sindano ya kwanza. Nikaenda shule, nikafundisha watoto kuhesabu hadi ishirini, na sikulifikiria tena.

Ilimchukua siku mbili. Jumamosi nilirudisha blanketi nyuma ya pazia. Mume wangu alipitisha kiganja juu ya ule mshono, akarudia tena.

"Nani ameshona?"

"Mimi."

Aliutazama mshono, akanitazama mimi. Kisha akajifunika, akageukia ukuta. Yeye si mtu wa maneno mengi, na mara nyingine ninamshukuru, mara nyingine ningependa agombe tu tumalize.

Tulilala vizuri siku tisa.

Aliyelitoa jambo hilo ni jirani, na hakuwa na nia mbaya hata chembe. Tulikuwa watatu kwenye veranda siku ya Jumatatu, sisi wawili tukimenya viazi, mama akinywa chai. Jirani alikuwa akimsifu mama kwa wapita njia kama vile mama ni wake.

"Mwalimu, mama yako ni moto," alisema. "Mimi nilikuwa nimezoea kuona ile blanketi kubwa ya mzee wako kwa kamba ikiwa na tundu la kupitisha ng'ombe. Sasa angalia! Hata dukani hawana kama hiyo."

Nilimkanyaga mguu, lakini alikuwa ameshamaliza kusema. Mama aliweka kikombe chini. Alikiweka pole pole, akitafuta sakafu kwanza kwa kidole. Aliomba apelekwe kitandani, saa kumi na mbili bado jua lipo, akisema mgongo unamuuma.

Siku mbili baadaye ilikuwa ndiyo siku ya upasuaji. Nesi alimfunga kile kitambaa cha presha mkononi, akapampu, akaangalia, akapampu tena.

"Shosho, presha imepanda sana leo. Umekula nini? Umekasirishwa na nani?"

"Sijakasirishwa," mama alisema.

"Na hii mikono mbona inatetemeka hivi? Ilikuwa hivi kabla?"

Mimi ndiye niliyejibu kwamba haikuwa hivyo. Nilikuwa nimeiona tangu asubuhi, alipojaribu kufunga kitambaa cha kichwa akashindwa na fundo. Nilijiambia ni baridi.

Nesi alituelezea vizuri, bila haraka. Kwa upasuaji huo mtu halazwi usingizi. Hupigwa ganzi tu, na lazima atulie kabisa, kwa sababu daktari anafanya kazi kwenye kitu kidogo kama punje ya mtama. Mtu anayetikisika hawezi kuguswa. Turudi Jumatano inayofuata. Ikiwa bado yuko hivyo, itabidi angojee zamu nyingine, na zamu nyingine haikuwa ya karibu.

Tulipotoka nje mama alisema, "Jumamosi nipeleke stendi. Naenda nyumbani."

"Mama, na jicho?"

"Jicho litafuata mwenyewe."

Nilijua anakwenda kufanya nini. Anakwenda kutafuta kondoo. Na kondoo si kumnunua tu. Ni kuita wazee, ni kaka zangu kukubaliana, na kaka zangu hawajawahi kukubaliana hata juu ya mpaka wa shamba la mtama. Ni miezi. Na angelazimika kuwaambia sababu mbele ya watu, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kunyooshewa kidole, kwamba aliketi siku mbili mchana kweupe amekumbatia blanketi la mkwe wake. Nilitembea kando yake nimemshika mkono, mkono unatetemeka ndani ya wangu, na nilijichukia vibaya sana.

Nyumbani aliketi kwenye stuli yake. Ilikuwa saa kumi. Jirani alikuwa sokoni, na watoto wangu wakubwa hawajarudi kutoka shule. Mdogo, msichana wa miaka minne, alikuwa kwenye uwanja akipanga vifuniko vya soda.

"Nikuulize kitu," mama alisema, "na usinizungushe."

"Uliza, mama."

"Ile blanketi kubwa ni ya nani?"

Watu husema katika saa kama hiyo moyo ulipiga hivi na vile. Mimi nakumbuka nilifikiri haraka sana na kwa utulivu, kama mtu anayepanga vitabu. Nikisema ukweli, anapanda basi Jumamosi na jicho linakufa. Nikisema uongo, labda mikono itatulia. Ukweli ungenifaa mimi. Yeye ungemuua jicho.

"Ni ya watoto," nilisema.

"Jirani anasema ni ya mtu wako."

"Jirani anajua nini? Anaona blanketi kwa kamba. Kwani yeye ndiye hutufunika?"

"Apa."

"Haki ya Mungu, mama."

"Wacha Mungu. Mungu anasamehe haraka." Aligeuza uso upande ambao vifuniko vilikuwa vikilia. "Ita huyo mtoto. Weka mkono kwa kichwa yake, useme hivyo."

Kwetu hilo halifanywi ovyo, maana uongo wake humpata mtoto. Sijawahi kumwona mtu akilifanya kwa uongo, na yeye pia hakuwahi, ndiyo maana alilitaka. Alikuwa akinipa njia ya kumwambia ukweli. Kama ningeurudisha mkono, angejua, na asingenilaumu kwa neno hata moja.

Nilimwita mtoto. Alikuja shingo upande, maana aliachishwa mchezo. Niliogopa atasema kitu. Mtoto wa miaka minne anajua vizuri sana blanketi la nani ni lipi. Nikaweka kiganja juu ya nywele zake, zilizosukwa Jumapili na tayari zimejaa vumbi la Rhonda, na kichwa kilikuwa na joto la jua. Nikasema, "Blanketi hiyo kubwa ni ya watoto wangu. Baba yao hailalii." Nilisema kwa sauti ya darasani, inayosikika hadi nyuma.

"Nimeenda?" mtoto aliuliza.

"Nenda."

Mama alisikiliza miguu yake ikirudi kwenye vifuniko. Kisha pumzi ikamtoka, ndefu, na mabega yakashuka. "Woi," alisema. "Nilikuwa nimekwisha, mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kabisa." Akacheka. Akaanza kumtukana jirani kwa upendo, mdomo kama debe tupu, na godoro lake lenye kunguni, ingawa halikuwa na kunguni. Akaomba chai. Kikombe kilifika mdomoni, na chai yote ilikuwa ndani. Mimi si daktari. Ninasema tu nilichoona.

Jioni mume wangu alikohoa langoni, mama akajiondoa, salamu zikapita ukutani. Alipokuwa akila nilimweleza yote, kutoka Alhamisi ile hadi kichwa cha mtoto. Nilimweleza kwa sauti ya chini kwa sababu ukuta ni mwembamba. Hakuacha kula. Alimaliza ugali wake, akanawa, akafuta mikono, akaenda nyuma ya pazia. Alitoka na blanketi, akalitandaza juu ya kitanda cha watoto, akalichomeka pande zote.

"Sasa ni ya watoto," alisema. "Umeapa ukweli."

"Niliapa saa kumi. Sasa ni saa moja."

Alifikiri. "Hiyo ni masaa matatu tu."

Nikashindwa kujizuia, nikacheka mpaka nikaziba mdomo kwa leso. Kisha nikalia kidogo. Yeye alilala na koti lake la kazini kuanzia siku hiyo hadi baridi ilipoisha, akiamka na unga kwenye nyusi, na hakulitaja blanketi tena. Nilimpenda mume wangu wakati huo kuliko siku ya harusi yetu, na nilimwambia. Alisema niache kelele, watoto wanalala.

Jumatano presha ilikuwa nzuri. Nesi alimwambia anyooshe mikono, mama akainyoosha kama mwanajeshi. "Ulikuwa na nini wiki iliyopita, shosho?" "Mdomo wa mtu," mama alisema. Wakamwingiza. Niliketi kwenye benchi karibu saa nzima, na niseme wazi kwamba sikuomba, kwa sababu sikujua ningeanzia wapi.

Walipomfungua bandeji kesho yake alipepesa, akazungusha jicho ukutani, akamwangalia daktari, kisha akanigeukia mimi. Alinitazama muda mrefu.

"Umezeeka," alisema.

"Ai, mama!"

"Si ni ukweli? Nani amekunyima usingizi?"

Alikaa wiki mbili zaidi. Siku ya tatu alitaka kuona kazi yake. Watoto walimletea matandiko yote kwenye veranda wakiimba, kwa kuwa shosho wao sasa alikuwa anaona. Foronya alizipitisha. Shuka alilisifu mwenyewe. Lile blanketi alipolikunjua, alilisogeza kwenye mwanga, akasonya.

"Hii ni mishono gani? Hapa nimeenda kombo kama mlevi."

"Mama, iko sawa. Iache."

"Wajukuu wangu hawatalala chini ya aibu hii."

Akachukua wembe, akafumua mshono wote, urefu wa mkono mzima, akaanza upya. Safari hii alitia uzi mwenyewe. Aliulamba, akaulenga kwenye tundu la sindano, ukaingia mara ya kwanza, na alinyanyua sindano juu kunionyesha. Sijawahi kumwona mama na furaha kama ile. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Alikuwa akivuta lile blanketi mapajani kwa vipande, akilaza shavu lake karibu kuangalia mstari, na kila alipolivuta nilihesabu ni miezi mingapi limelala juu ya kifua cha mume wangu.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu imefika mwaka wa tatu. Mama yuko nyumbani Kakamega, anasoma maandishi madogo kwenye pakiti ya chumvi, anashonea nusu ya kijiji, na hata mkono mmoja haujamtetemeka tena. Kwa hiyo miiko ni ya uongo, nilijiambia. Aligusa, na hakuna kilichompata. Mimi mwalimu nilikuwa sahihi.

Kisha muhula huu, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa, msichana wangu mdogo alishikwa na homa. Homa ya kawaida. Ana miaka saba sasa. Nilikuwa nimempa dawa, nimemfunika, nimeketi kando yake nikingoja jasho litoke, wakati ubaridi wa homa ulipomwingia. Meno yakaanza kugongana. Mabega. Kisha mikono. Ninajua homa hutetemesha. Ninawafundisha wazazi wa watoto wengine hivyo kila msimu wa mvua. Nilimshika mikono yote miwili, nikaibana, nikazidi kuibana ili itulie, mpaka akalia, "Mami, unaniumiza."

Simu ikalia. Ilikuwa mama, kama kila Jumapili. Niliibana kwa bega, mikono ya mtoto bado iko ndani ya yangu.

"Watoto wako aje?"

"Wako sawa, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Apa," alisema, akacheka. Siku hizi huo ni utani wake kwangu.

Niliachilia mikono ya mtoto kwanza. Nilisogea mbali naye kitandani, nikahakikisha hakuna sehemu ya mwili wangu inayomgusa. Ndipo nikaapa.